Kifuniko cha Uzi wa Kijani

Hivi wewe umewahi kuishi na mtu ukamjua kwa mlio wa mashine yake kabla hujamwona hata kofia? Basi mke wa Nahodha ndivyo alivyoishi. Nyumba yao ilikuwa ukingoni mwa ziwa, mlango ukitazama maji. Jioni mume wake alipokuwa anarudi, boti ilianza kusikika ikiwa bado nyuma ya mwamba, inakohoa, inanguruma, inapiga kelele kama bati linaloburutwa juu ya mawe. Mke akisikia hivyo huweka sindano chini, huinjika maji ya kuoga, hufuta meza. Nahodha akitia mguu mlangoni, maji yameshapata moto. Alidhani mke wake ana kipaji cha kujua saa, na mke hakuwahi kumwambia kwamba ni ile mashine.

Boti yenyewe ilikuwa ndogo, ya tanga moja, ya kutembeza wageni kwenda kuangalia ndege kwenye visiwa. Upepo ukiwepo hupandisha tanga. Upepo ukikosekana hushusha mashine iliyoning'inizwa kwenye ubao wa nyuma. Na kwa kuwa mwamba ule hukinga upepo kabisa, mbele ya nyumba yao boti ilipita siku zote na mashine, tanga limekunjwa na kufungwa kamba.

Huyu mke watu walimwita Fundi, kwa sababu alikuwa fundi wa viti. Sofa lililobonyea, godoro lililotoboka, kiti cha ofisi kilichomwaga sponji, vyote vililetwa barazani kwake. Zamani alikuwa na cherehani nzito, ile ya kushonea ngozi na turubai. Aliiuza ili ipatikane mashine ya boti, na tangu hapo vitu vizito akawa anashona kwa mkono, kastabini, kile kikofia cha chuma cha kusukumia sindano, kidoleni, mpaka kidole gumba kikaota sugu ngumu kama kifungo.

Siku mashine ilipofungwa, Nahodha alikuwa na furaha, akasema, "Mama watoto, boti hii ni yetu sawa kwa sawa. Mbele kwako, nyuma kwangu."

"Umenipa mbele kwa sababu maji yanaingia huko kwanza," mke akamjibu, wakacheka mpaka watoto wakaja kuuliza kuna nini.

Tanga alishona Fundi. Mito ya kukalia alishona Fundi. Alibeba kichwani, akapeleka gatini, akarudi kwa miguu. Kila akitaka kupanda, Nahodha alikuwa na sababu: leo kuna wageni, kesho mafuta ni ya kubania, keshokutwa hali ya maji si nzuri. Watoto wakakua, wakaenda makwao. Akaacha kusubiri kuambiwa panda.

*

Jioni moja Nahodha aliingia akavua kofia, akakaa, hakula.

"Wageni wanalalamika," akasema.

"Wanalalamikia nini?"

"Kelele. Wanasema ndege wote wanaruka kabla hatujafika. Jana mmoja kaziba masikio njia nzima, mwenzake anamwonyesha ndege, yeye anasema eeh, eeh? Nikaona aibu mimi."

Wifi yake Fundi, yaani dada yake Nahodha, alikuwa amekaa pembeni anachambua mchele. Aliishi nao tangu alipoachika, na mdomo wake haukujua kupumzika. "Kaka, hiyo mashine siku moja itamwamsha aliyezikwa," akasema.

"Kununua mpya hatuwezi," Nahodha akaendelea, bila kumtazama mkewe. "Nikawaza, wewe unajua sponji. Unajua mpira. Huwezi kuifanyia kitu?"

Fundi alijisikia vizuri. Nisikufiche, alijisikia vizuri sana. Mume wake hakuwa mtu wa kuomba ushauri, na hapa alikuwa ameweka mikono mezani, anamtegemea.

"Ilete hapa mbele ya nyumba kesho," akasema. "Niisikilize kwanza."

Mara ya kwanza aliharibu. Alishona kifuniko cha blanketi na sponji, akakivisha mashine kama mtoto anavyovishwa kofia ya baridi, akakaza kamba chini. Mashine ikanyamaza kidogo, ikakohoa, ikaanza kutoa harufu ya kuungua, ikazima. Mvuvi mmoja aliyekuwa anapita na mtumbwi akaita, "Nahodha! Mgonjwa wenu keshakata roho! Mlimfunga na pua?"

"Anapumzika!" Nahodha akajibu, lakini uso ulikuwa umekunjamana.

Fundi hakukasirika. Yule mvuvi alikuwa amesema kweli bila kujua: mashine inavuta hewa, nayo ilikuwa imezibwa. Akaikaza kanga yake kiunoni, akaingia majini mpaka magotini, akamwambia mume wake aiwashe tena bila kifuniko. Akaweka kiganja juu ya mashine. Kisha akakishusha, akakiweka kwenye ubao wa nyuma uliobeba mashine. Akakaa hivyo muda mrefu, kichwa kainamisha, kama anayempima mtoto homa.

"Nusu ya kelele siyo ya mashine," akasema kwa sauti kubwa ili asikike. "Ni ubao! Mashine inaupiga, na boti yote inaitikia. Umekaa ndani ya ngoma, baba watoto!"

Basi akaanza upya. Alikata vipande vya mpira wa tairi kuukuu, akaviweka kati ya vibanio vya mashine na ubao, ili chuma kisiguse mbao. Makasia yaliyokuwa yanagongana akayazungushia kitambaa. Kopo la kuchotea maji, lililokuwa linacheza sakafuni njia nzima, akalifunga kwa kamba. Kisha kifuniko. Nje turubai, katikati mpira mzito, ndani sponji iliyofunikwa ngozi laini ili mafuta yasiingie. Sponji nzuri ya namna ile hakuwa nayo, akaitoa kwenye kiti chake mwenyewe, kile cha barazani anachokalia akishona. Akaacha mdomo wa kupitisha hewa, lakini haukuwa tundu la moja kwa moja. Alikunja njia kama kiwiko, hewa ipinde ndiyo iingie, na kelele ikitaka kutoka ijigonge ukutani.

Wifi yake alikuwa anamtungia uzi. "Shona mara mbili hapo kwenye kona, wifi. Kikae miaka. Mtu asije akasema kazi mbovu."

"Nani aseme? Boti ni yetu."

Wifi akalamba uzi, akautazama kwenye mwanga. "Nasema tu," akasema.

Uzi mweusi uliisha kabla kona ya mwisho haijakamilika. Fundi akamalizia kwa wa kijani, akasema moyoni kwamba nani atakagua.

Ilipowashwa, mashine ilinong'ona. Sisemi haikusikika kabisa. Ilisikika kama mtu anayeguna chumba cha pili. Nahodha alikuwa ndani ya boti, mkono kwenye usukani, macho kwenye maji yanayotoka nyuma ili ajue kweli inafanya kazi. Fundi alisimama majini, kanga imelowa, anacheka peke yake.

"Una mikono, mama watoto," Nahodha akasema. Akazungusha boti, akaondoka nayo.

*

Kuanzia hapo jioni zikawa za ajabu. Fundi alishona, akashona, giza likaanza kuingia, ghafla mume kasimama mlangoni na maji hayajawekwa.

"Hukunisikia?" Nahodha huuliza.

"Nitakusikiaje? Nimekuziba mdomo kwa mikono yangu."

Walicheka kwa hilo siku za mwanzo. Baadaye Fundi akaona kwamba hata kwa macho haioni boti ikipita. Nahodha akasema sasa anaiacha gatini, kule kuna mlinzi, ni salama zaidi, yeye anarudi kwa miguu. Jambo lenye akili. Asubuhi alivaa kofia yake ileile, akachukua chupa yake ya chai, akaenda kazini kama siku zote. Fundi aliitamani ile kelele kidogo, lakini aliona haya kusema. Mtu mzima atasemaje kwamba ana hamu ya makelele?

*

Mama wa nyumba nyeupe alikuja asubuhi, na mwavuli, na kikapu. Nyumba nyeupe iko ng'ambo ya ghuba, ina ngazi za mawe zinazoshuka mpaka majini. Fundi alikuwa hajawahi kuongea na mwenye nyumba hiyo.

"Hodi hapa. Wewe ndiye fundi wa viti?"

"Karibu mama. Kaa hapo, hicho kingine usikikalie, hakina sponji."

Yule mama akacheka, akakaa. "Fundi wa viti kiti chake hakina sponji!"

"Ndiyo hali, mama. Umeniletea nini?"

Mgeni akafungua kikapu, akatoa kifuniko. "Hiki kimechanika hapa. Kijana wetu alikivuta vibaya akasikia kraa. Nimeambiwa gatini ni kazi yako."

Fundi alikipokea. Akakigeuza. Aliona turubai, aliona ngozi laini, aliona mdomo uliokunjwa kama kiwiko. Aliona kona iliyoshonwa kwa uzi wa kijani. Alikishika kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wake na polisi.

"Hiki kimetoka wapi, mama?"

"Cha boti yetu. Tuna boti sasa!" Mama yule alikuwa mchangamfu, hakuwa na ubaya. "Mume wangu kastaafu, anataka kukaa majini. Ila kichwa chake hakivumilii kelele. Tulimwambia mwenye boti wazi kabisa, mashine ikibaki inapiga kelele namna hii hatununui. Akasema nipeni siku chache, ninaye fundi wangu. Na kweli! Nikamwambia mume wangu, huyo fundi ana akili."

"Alisema ana fundi."

"Alisema fundi wangu, yuko karibu, hana gharama."

Fundi akaingiza kidole kwenye mpasuko, akakitoa. "Na huyo mwenye boti yuko wapi sasa?"

"Si tunaye? Anatuendeshea mpaka mume wangu azoee. Tunampa posho. Mzee mpole, ila hasemi. Kila asubuhi anafika na chupa yake ya chai." Akatazama kifuniko. "Vipi, kinashoneka?"

"Kinashoneka."

"Nikifuate lini?"

"Nitakileta mwenyewe kesho," Fundi akasema. Sauti yake ilitoka sawa, yeye mwenyewe akashangaa. "Kazi hii haitoshi kukabidhi mkononi. Lazima nikijaribu kwenye maji, mashine ikiwa inaenda."

"Hilo ndilo ninalolitaka! Fundi anayefuata kazi yake," yule mama akasema, akasimama, akafungua mwavuli.

*

Wifi yake alikuwa uani anaanika nguo. Fundi alimwonyesha kifuniko. Wifi akakiona, mikono ikabaki hewani na shuka lake.

"Ulijua," Fundi akasema.

"Wifi, mimi ni mtu wa kukaa kwa watu. Nimwambie nini kaka yangu?"

"Sijauliza ulimwambia nini yeye. Ulinitungia uzi. Ukaniambia nishone mara mbili."

"Nilitaka wanunuzi wasije wakairudisha boti." Wifi alianza kulia. "Kaka yetu mkubwa alikuwa anataka mtu wa kuingia naye kwenye duka la vipuri. Akasema huu ndio wakati. Mumeo akasema duka likikaa sawa atakwambia mwenyewe, utafurahi. Alisema kazi ya maji imemchosha, mgongo unamuuma. Wifi, alisema utafurahi!"

"Nani mwingine anajua?"

Wifi alishusha shuka. Akageuza macho upande wa gatini. Fundi akamkumbuka yule mvuvi aliyewatania, muuza mafuta ya boti ambaye siku hizi anamsalimia kwa upole usio wake, mlinzi wa gati. Ufuko wote ulikuwa unamwona anapita na kanga yake, ukajua.

Jioni Nahodha aliingia, akavua kofia. Fundi alikuwa ameshakificha kifuniko chini ya kitanda. Alimpa nafasi. Alimwekea maji, akamwekea chakula, akakaa mbele yake.

"Leo wageni walikuwepo?"

"Walikuwepo."

"Ndege wametulia?"

"Wametulia kabisa. Wageni wanakusifu." Nahodha akachota kijiko. "Kile kifuniko kinafanya kazi."

"Kinafanya kazi," mke akasema. Akaondoa sahani yake mwenyewe, ingawa alikuwa hajala.

*

Asubuhi Fundi aliacha mume wake atangulie. Kisha akavaa gauni lake zuri, akapita njia ya kuzunguka ghuba, akashuka zile ngazi za mawe. Mama wa nyumba nyeupe alikuwa ameshakaa ndani ya boti, upande wa mbele, mwavuli wazi, juu ya mto ambao Fundi aliushona mwenyewe kwa kitambaa kilichobaki kwenye mapazia yake.

Nyuma kwenye mashine, Nahodha aliinua kichwa. Rangi ilimtoka usoni, ukaona kabisa inaondoka. Akamtazama mkewe, akamtazama mwajiri wake.

"Karibu, fundi," akasema.

Hapo ndipo kitu kilipokatika. Mpaka hapo kwenye ngazi Fundi alikuwa bado anamtafutia mume wake maneno ya kumtetea: mgongo, uchovu, kaka mkubwa mwenye kupenda kusukuma watu. Alikuwa amejiandaa hata kumsaidia. Aliposikia lile neno, limetoka kwa adabu, kama kwa mtu wa pembeni, akaacha kutafuta.

"Asante, nahodha," akajibu, akatia mguu ndani. Boti iliyumba. Hakujua kwamba inayumba hivyo, akashika ukingo.

Akapita mpaka nyuma, akavisha kifuniko, akakaza kamba, akakaa kwenye kibao kidogo goti kwa goti na mume wake. Mashine ikawashwa, ikaguna taratibu, ngazi za mawe zikaanza kurudi nyuma.

"Tutaongea nyumbani," Nahodha alinong'ona bila kufungua midomo.

"Nyumbani uliniambia wageni wananisifu."

"Polepole. Anasikia."

Na kweli. Ile mashine ya zamani ingemeza maneno yote hayo. Lakini mpira ulikuwa umekaa mahali pake, sponji mahali pake, kopo limefungwa, na kila neno lilisafiri mpaka mbele likiwa zima. Mwavuli ukageuka.

Walizunguka mwamba. Mbele yao ikatokea nyumba, na ilimchukua Fundi muda kutambua kwamba ni yake. Ilikuwa ndogo kuliko alivyodhani. Fremu za viti zilikuwa zimepinduliwa barazani, miguu juu. Kiti chake kitupu kilikuwa mlangoni. Wifi yake alikuwa anafagia, mgongo kwa maji, karibu kiasi cha kuona rangi ya kilemba. Boti ikapita mbele yake yote, kutoka pembe mpaka pembe, na wifi hakuinua kichwa.

"Ndivyo ulivyokuwa unanipita," Fundi akasema. Hakunong'ona tena.

"Mama watoto..."

"Mimi nimekaa pale nashona, wewe unapita hapa na wenye boti."

Mama wa nyumba nyeupe aliufunga mwavuli. "Samahani. Kwani mnafahamiana?"

"Huyu ni mume wangu," Fundi akamwambia. "Mashine hii ni cherehani yangu. Tanga lile nimeshona mimi, na huo mto ulioukalia."

Yule mama alijinyanyua kidogo kutoka kwenye mto, kama aliyekalia mali ya mtu, halafu hakujua aende wapi, akakaa tena. "Hakutuambia," akasema. "Wallahi hakutuambia. Karatasi ilikuwa na jina lake."

"Najua. Wewe huna kosa, mama."

Nahodha alikuwa anatazama maji yanayotoka nyuma. "Ungekataa," akasema. "Ningekuuliza, ungekataa."

"Ndiyo. Ningekataa. Ndiyo sababu ukaniomba kifuniko badala ya kuniuliza."

Walishatoka kwenye kinga ya mwamba, na upepo ukawapiga usoni kwa mara ya kwanza, ukazichezea kamba za tanga lililokunjwa. Nahodha akakaza kofia. Alipogeuka, macho yake yalikuwa mekundu, na sauti yake ilikuwa na hasira ya mtu aliyekamatwa.

"Haya, unataka nini sasa? Boti hairudi. Pesa ziko dukani kwa kaka. Unataka nilie? Unataka nikuombe msamaha mbele ya huyu mama? Sema unachotaka."

Fundi alitazama lile tanga. Aliona viraka vyake, kimoja kimoja, akikumbuka kila kimoja kilitokana na nini.

"Nilitaka unipakie," akasema. "Basi. Nilitaka siku moja uje pale mlangoni uniambie, mama watoto, weka sindano chini, leo twende mimi na wewe. Tufike huku kwenye upepo, uzime mashine, upandishe tanga. Nimelishona, nimelitia viraka, nimelibeba kichwani, na sijawahi kuliona limejaa."